Jumatano, Nusu Bei

Mimi si mjuzi. Ni fundi wa lifti hapa Montevideo.
Naingia sinema Jumatano kwa kuwa Jumatano ni nusu bei,
na kwa kuwa dada yangu Nélida siku hiyo hucheza karata
mezani kwangu, na wenzake watatu wasiojua kunyamaza.
Basi msiniulize habari za mwanga wala pembe za kamera.
Niulizeni kama nililala.

Mwezi wa sita nililala mara moja tu:
ile ya mfalme na mapanga, saa tatu kasorobo.
Jeshi linakuja, jeshi linakwenda,
farasi wanakufa kwa zamu,
malkia ananong'ona kana kwamba chumba cha pili kuna mtoto mchanga.
Ngoma, tarumbeta. Debe tupu haliachi kutika.
Nilipoamka walikuwa bado wanavuka mto uleule.
"Hujakosa kitu," akasema bibi wa kiti cha jirani,
akanisogezea bisi zake.
Huyo bibi nampa nyota tano.

Ile ya jambazi, nitasema kweli, ilinikera.
Lifti inakatika kamba ghorofa ya arobaini,
inashuka kama jiwe kisimani, watu wanapiga yowe.
Jamani! Kamba ziko sita.
Breki ziko chini ya sakafu, zinauma reli
kabla hujamaliza kuita mama.
Miaka ishirini na minane nimeishi ndani ya mashimo hayo,
giza, grisi, na mluzi wa Washington, msaidizi wangu,
na sijaona lifti ikianguka.
Nimeziona zikikwama.
Kukwama ndiko kwenye hadithi:
mke na mume waliotoka kutalikiana asubuhi hiyohiyo,
kati ya ghorofa ya tatu na ya nne, dakika hamsini,
mimi nikiwa juu ya paa la chumba chao na spana mkononi,
nasikia matusi, nasikia kimya,
kisha nasikia mmoja anaanza kucheka.
Sikuharakisha kazi.
Hiyo hakuna aliyeitengeneza filamu.

Ya katuni nilimpeleka Maite, mjukuu wa Nélida, miaka sita.
Fisimaji mdogo anamtafutia babu yake jina alilolisahau,
anauliza mawe, anauliza vyura.
Nilikwenda nikiwa na nia ya kusinzia.
"Babu Wilmar, macho yako yanavuja."
"Ni chumvi ya bisi," nikasema.
"Lakini bisi hatujanunua."
Mtoto huyu atakuwa hakimu.

Halafu ile iliyorudi na tuzo kutoka ng'ambo.
Tulikuwa sita ukumbini, na hita imeharibika.
Mwanamke amekaa dirishani, anamenya chungwa.
Basi.
Hamjibu mtu, simu inalia, anamenya chungwa,
dakika nne nzima kwa saa yangu,
na ganda linashuka, linashuka, halikatiki.
Wawili wakatoka wakitaka warudishiwe pesa.
Mimi nilibaki kwa sababu nje mvua ilikuwa ya kulala,
na upepo wa mtoni ulikuwa unageuza miavuli ya watu.
Ilikuwa nzuri? Sijui.
Muuza tiketi aliniuliza vilevile nilipotoka
na chupa yangu ya chai chungu kwapani.
Nikamwambia: imekwisha.

Ila Alhamisi, saa ya chakula,
nimekaa ukingoni mwa shimo, ghorofa ya saba,
nikajikuta namenya chungwa polepole, polepole mno,
hata Washington akaacha mluzi wake
akaniuliza kama naumwa.

Jumatano ijayo kuna ya papa.
Wote walioiona wanasema ni mbovu.
Nitakwenda.
Mambo ya lifti nayajua, yananiharibia starehe.
Mambo ya papa siyajui hata kidogo,
huenda nikaamini yote.